Bahari ya Watu wa Burma

Saa kumi na moja alfajiri, kabla matatu za Jogoo Road hazijaanza kugombania abiria, nyama huwa imeshafika Soko la Burma, huku Eastlands, Nairobi. Ng'ombe wametoka Njiru na Dagoretti, mbuzi wametoka Kiamaiko. Wabebaji waliovaa makoti yaliyokuwa meupe huipokea begani, nusu mzoga baada ya nusu mzoga, na shoka huanza kulia kwenye gogo. Chini ni maji, damu na buti za mpira. Mtu aliyesimama hapo yuko karibu kilomita 480 kutoka Mombasa, na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Upepo unaompiga usoni unanuka supu ya kichwa, haunuki chumvi.

Hata hivyo Desemba ikikaribia, ukisikiliza maongezi ya gogoni utadhani bahari iko nyuma ya City Stadium. Vyama vya akina mama wauza matumbo vinahesabu michango, vijana wanapiga hesabu ya nauli, na mtu wa tatu anadai kwamba mwaka huu haendi ushago, anashuka Coast. Neno ni hilo moja. Hasemi Diani, hasemi Watamu wala Malindi. Anasema Coast tu, kana kwamba ni chumba kimoja chenye mlango mmoja na mchanga wa rangi moja.

Ukweli ni kwamba pwani ya Kenya, kutoka Vanga mpakani na Tanzania hadi Kiunga mpakani na Somalia, ina fuo ambazo hazifanani hata kidogo. Kuna ufuo uliotoka tumboni mwa samaki, ufuo ulioletwa na mto kutoka bara, ufuo wa vilima vya mchanga vinavyoficha maji ya kunywa, na ufuo usio na mchanga kabisa. Na huo ulioletwa na mto, kama itakavyoonekana, una kipande chake kilichoanzia si mbali na Burma.

Eastlands yenyewe ilibeba Pwani kwenye majina tangu zamani. Kaloleni, mtaa ulio jirani na soko, una wajina wake Kilifi. Majengo na Makadara ziko Nairobi na ziko Mombasa pia. Mtaa wa Mbotela, mbele kidogo kwenye Jogoo Road, umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Novemba 1952, wa ukoo wa Freretown, kile kijiji cha watumwa walioachwa huru kando ya Nyali. Burma ndiyo iliyovuka bahari zaidi: inavyosimuliwa, soko lilipata jina kwa askari wa King's African Rifles waliopelekwa kupigana na Wajapani huko Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Wengi wao safari hiyo ndiyo iliyowaonyesha bahari kwa mara ya kwanza, na haikuwa ya mapumziko.

Leo safari ni nyepesi. Basi la usiku hutoka mjini, husimama Mtito Andei watu wanywe chai na kunyoosha miguu, na alfajiri jasho linapoanza kutoka bila sababu, abiria anajua amefika. Wengine hupanda Madaraka Express, treni iliyoanza kubeba abiria Juni 2017 kutoka Syokimau hadi Miritini. Mwanzoni tiketi ya kawaida iliuzwa shilingi 700. Januari 2024 ikapanda hadi 1,500, na tangu hapo hesabu za vyama zimekuwa ndefu kidogo.

Kituo cha kwanza, na kwa wengi cha mwisho, ni Pirates. Jina lake rasmi ni Jomo Kenyatta Public Beach, kule Bamburi, lakini ukimwambia mtu wa tuktuk hilo jina refu atakutazama mara mbili. Hakuna kiingilio. Siku ya pili ya Krismasi, au siku ya Idi, mchanga hauonekani kwa wingi wa watu. Kuna tyubu nyeusi za magurudumu ya lori zinazokodishwa kama maboya. Kuna ngamia aliyetandikwa mashuka ya rangi, mwenye sura ya mfanyakazi anayesubiri mshahara. Kuna wapiga picha, wauza madafu, viazi karai, mihogo iliyokaangwa ikapasuliwa katikati na kupakwa pilipili na ndimu. "Karibu dada, karibu na watoto," muuza kachri anaita, na kabla dada hajajibu mtoto ameshashika pakiti.

Mgeni kutoka bara hujulikana kwa jambo moja. Akifika majini huchovya kidole na kuonja. Amesikia tangu darasa la kwanza kwamba bahari ina chumvi, lakini ni lazima ahakikishe mwenyewe. Kisha huingia na suruali ya jinzi, au mama huingia na dera alilonunua jana yake, likajaa hewa na kumzunguka kama mwavuli uliogeuzwa. Wapwani hucheka, lakini hawachoki kumwonya asivuke kiuno. Watu wengi wa Nairobi hawakupata pa kujifunzia kuogelea, na bahari haijui kama leo ni sikukuu.

Wapo wanaoidharau Pirates kwa kelele zake. Wanakosea. Katika fuo zote za nchi hii, ni vigumu kupata nyingine inayowakalisha mchuuzi, karani, shekhe na mtoto wa Buruburu bega kwa bega bila mtu kuulizwa amelala hoteli gani.

Kinachowachanganya wengi ni kitu kingine. Familia inafika saa nne asubuhi, imevaa tayari, na bahari haipo. Badala ya maji ya bluu kuna uwanda wa mchanga uliolowa, mawe yenye mwani, madimbwi, na kwa mbali mstari mweupe wa mawimbi. Wengine huamini wamepelekwa mahali pabaya. Mvuvi anayepita na ndoana yake ya pweza hana haja ya kushangaa: maji yamekupwa, yatajaa.

Katika pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika hamsini, kwa kuufuata mwezi. Mwezi ukiwa mwandamo au ukiwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti ya kina kati ya maji makuu na maji ya chini kabisa hukaribia mita nne, kimo cha nyumba ya chini pamoja na bati lake. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, na bahari husogea kidogo tu. Siku za bamvua, Mombasa huwa na maji ya chini kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na huja kujaa mnamo saa kumi jioni. Kwa hiyo mama wa chama anayepanga safari ya siku tatu angefanya vizuri kutazama mwezi kabla ya kulipa nauli: bamvua humpa asubuhi ya kutembea juu ya mwamba na jioni ya kuogelea mchanga ukiwa umepata joto.

Hapo ndipo pwani yetu inapoachana na ule ufuo wa kwenye kalenda. Picha zinazobandikwa kwenye vinyozi na kwenye mabango ya bahati nasibu, mnazi mmoja umeinama juu ya maji ya kijani, nyingi hufanana na za visiwa vya Karibi. Bahari ya Karibi karibu haina kupwa wala kujaa. Kwa kawaida maji hupanda na kushuka kwa chini ya nusu mita. Ufuo wa Jamaica wa saa tatu asubuhi ndio huo huo wa saa tisa. Ni raha, ndiyo, lakini ni raha isiyobadilika. Bamburi au Tiwi mtu hupewa fuo mbili kwa siku moja mahali pamoja. Kule Tiwi, karibu na mdomo wa mto Mwachema, maji yakipwa huacha mabwawa ndani ya mwamba, makubwa kutosha watu kuogelea. Yakijaa, mtu hawezi kukuonyesha yalipokuwa.

Vuka kusini sasa. Zamani kwenda Diani ilikuwa lazima kupanga foleni ya kivuko cha Likoni. Sasa barabara ya Dongo Kundu inamtoa mtu Miritini na kumpeleka Kwale bila kukanyaga feri. Diani ndiyo ile ya picha: mchanga mweupe laini kama unga wa ngano, unaokataa kuwaka moto hata saa saba mchana. Siri ya weupe wake iko kwenye utumbo wa samaki.

Mita mia kadhaa kutoka ufukoni unapita mwamba wa matumbawe, sambamba na nchi kavu, ukizuia mawimbi makubwa ya bahari kuu. Kwenye mwamba huo anakula pono, samaki wa rangi ya kijani na waridi mwenye meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Ukipiga mbizi na miwani na kutulia, unamsikia kabla hujamwona: kwaruu, kwaruu, sauti ya mtu anayetafuna mfupa laini wa kuku. Anachofuata ni mwani uliojishika kwenye jiwe, lakini hana namna ya kuula bila kung'ata na jiwe lenyewe. Jiwe husagwa ndani yake, mwani hubaki tumboni, na nyuma hutoka wingu jeupe linalozama taratibu. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Harusi za ufuoni, zile za maua na viti vyeupe, hufungwa juu ya kazi yake. Hakuna mpangaji wa harusi anayeitaja hiyo kwenye tangazo.

Matumbawe hayo si ya leo tu. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko sasa, na mwamba uliokua wakati huo leo umekuwa nchi kavu: ndio majabali yenye makali yanayokata viatu, ndio mawe yaliyojenga Fort Jesus kuanzia 1593, ndio misikiti ya kale kama ule wa Kongo uliozungukwa na mibuyu mwisho wa Diani. Ndio pia saruji. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954 kwa kusaga na kuchoma matumbawe ya kale, na saruji yake ikapanda bara kujenga Nairobi. Mkazi wa ghorofa ya nne huko Umoja anayelalamika kwamba hajawahi kuona bahari huenda anaegemea kipande chake kila jioni akitazama mpira.

Matumbawe hai hayana nguvu ya majabali. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na baadhi ya maeneo hayajawahi kurudi yalivyokuwa. Baadhi yake yako ndani ya hifadhi. Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika.

Watamu ni mahali pa mtu mvumilivu. Ghuba zake zina visiwa vidogo vya mawe vilivyoliwa na maji chini hadi vikawa kama uyoga, na maji yakipwa unavifikia kwa miguu. Usiku, kasa jike hupanda mchangani, huchimba kwa mapezi ya nyuma kama mtu anayechota unga kwa mkono mmoja, na kutaga mayai mia moja au zaidi. Baada ya karibu miezi miwili yanaanguliwa, na hapo mchanga wenyewe ndio ulioamua jambo: ukiwa na joto zaidi hutoa majike, ukiwa baridi zaidi hutoa madume. Tangu 1997 wahifadhi wa Watamu wamekuwa wakilinda viota hivyo, na wavuvi wanaonasa kasa kwa bahati mbaya huwapigia simu waje kumpima na kumrudisha majini.

Shela, kisiwani Lamu, ni mbali na mfuko wa wengi, basi tusikae sana. Mchanga unaendelea kilomita kama kumi na mbili, karibu bila nyumba, na nyuma yake kuna vilima vya mchanga ambavyo mtoto yeyote angependa kuviteleza. Vilima hivyo hunyonya mvua na kuihifadhi chini, na visima vya Shela ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Ukipanda juu umevaa viatu, umekanyaga tangi la maji la mji mzima.

Kisha kuna Gazi, kusini, ambako mtu anayetafuta mchanga atakasirika. Hapo ufuo ni tope na mikoko, mizizi imesimama juu ya maji kama miguu ya buibui, na kaa wenye gando moja kubwa jekundu huipunga kana kwamba wanaita matatu. Wanawake wa kijiji wamejenga daraja la mbao la kupitishia wageni ndani ya msitu. Mradi wao na wenzao wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na pesa zimerudi kijijini kama maji ya bomba na vitabu vya shule. Ni ufuo wa kutazama. Anayetaka kuota jua atafute kwingine.

Sasa twende kaskazini, Malindi, ambako mtu wa Burma ana hisa zake.

Anayefika Malindi akitegemea weupe wa Diani hushtuka. Mchanga hapa ni wa kahawia, na kuelekea Mambrui unametameta kama umenyunyiziwa dhahabu. Si dhahabu, ni chembe za ulanga. Maji nayo, mvua zikiwa kubwa bara, hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Sababu ni mto Sabaki unaomwagika kati ya Malindi na Mambrui. Matumbawe hayapendi maji yasiyo na chumvi wala tope, kwa hiyo mbele ya mdomo wa mto mwamba haupo, na mawimbi ya bahari kuu huingia yenyewe bila kizuizi. Watoto wa Malindi huyapanda kwa vipande vya mbao. Na kwa kuwa mto hauachi kuleta udongo, ufuo wa ghuba umekuwa ukipanuka, bahari ikisukumwa nyuma na majumba yaliyojengwa kando ya maji yakijikuta mbali nayo.

Fuata mto huo kinyume. Juu ya Malindi unaitwa Galana, unaokatiza Tsavo. Juu zaidi ni Athi, unaozunguka Kilima Mbogo. Na karibu na hapo Athi hupokea mto Nairobi, ule ule unaopita Kamukunji na Gikomba, mwendo mfupi tu kutoka gogo la muuza nyama wa Burma. Kila kinachosombwa na mvua ya Aprili kutoka mitaro ya Eastlands, ikiwa hakikukwama njiani, kina tiketi ya kwenda Coast. Hakilipi 1,500.

Kwenye mdomo wa Sabaki, maji yakiwa ya chini, kuna heroe wamesimama kwa mguu mmoja kwenye matope na viboko ndani ya mto nyuma yao, mandhari ambayo hoteli nyingi za Malindi hazikumbuki kuwapeleka wageni. Ufukoni pamoja na magogo na mwani utakuta chupa za plastiki, mifuko ya gunia na malapa. Malapa hasa. Raba huelea vizuri, na mengine yamevuka bahari kutoka nchi za mbali, hayana wa kumlaumu hapa. Lakini mengine yana njia fupi zaidi ya kueleza.

Ufuo wenyewe ni wa nani, hilo liliandikwa. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji makuu na alama ya maji ya chini ni ya umma. Hoteli inaweza kumiliki bustani, ngazi na mwavuli. Mchanga uliolowa hauwezi kumilikiwa. Tatizo huwa ni kufika kwenye mchanga huo, maana vichochoro vya umma vilivyokuwa vikishuka baharini kati ya kiwanja na kiwanja vimezibwa kuta sehemu nyingi, na mtu aliyetoka Eastlands na watoto watatu na kikapu cha chapati hana muda wa kubishana na mlinzi wa lango. Ndiyo maana anarudi Pirates, mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana Coast kwake imebaki neno moja.

Januari ikifika, mabegi hurudi Burma na mabuyu yanayotia wekundu kwenye ulimi, achari, halua kwenye kikapu cha ukindu, na mchanga kwenye pindo za suruali ambao mama huukung'uta mlangoni. Malapa nayo hurudi, kwa njia yake. Yale yanayookotwa ufukoni hununuliwa kwa kilo na kuletwa Nairobi, kwenye karakana ya Ocean Sole, ambako huoshwa, hugandishwa pamoja kwa gundi na kuchongwa kwa kisu. Yanatoka hapo yakiwa twiga, viboko na kasa wa rangi saba, na kwenye gamba la kasa, ukiangalia kwa makini, bado utaona alama ya kisigino cha mtu.